Benki Haipokei Ngozi

Kipsang arap Mosonik alikuwa mtu wa kusikilizwa pale Silibwet, na hilo ndilo lililomponza, maana mtu akizoea kusikilizwa husahau yeye mwenyewe kusikiliza. Alikuwa nyapara katika mashamba makubwa ya chai upande wa Kericho mpaka mvi zikamwota, kisha akarudi nyumbani na kiinua mgongo chake. Alikuta majirani wakimwaga maziwa kando ya barabara kwa sababu lori lililokuwa likiyachukua lilikuja siku lilipotaka, na malipo yalikuja kwa nadra zaidi. Ilikuwa mwaka wa tisini na mbili, watu binafsi wameanza kuruhusiwa kuuza maziwa. Kipsang aliwasimamisha watu nje ya kanisa baada ya ibada, akawaambia waanzishe kampuni yao wenyewe. Walimpigia makofi, wakaiita Tebeswet, jina la mti uliokuwa pale waliposimama.

Hela za hisa walizochanga zilijenga kibanda na kununua mikebe, kisha zikaisha. Na maziwa ya jioni hayangoji asubuhi. Bila tangi la kupoza, kampuni ingekuwa mahali pa kugandishia maziwa tu, na kazi hiyo kila mama wa Silibwet aliijua bila kuandikishwa popote.

Hapo ndipo Omariba alipokuja. Alikuwa Mkisii mwenye duka la mabati, misumari na dawa za ng'ombe pale senta, na ng'ombe wake mwenyewe walikamwa vizuri kuliko wa wenyeji wengi. Alimkuta Kipsang kibandani, akapindua mkebe akaukalia.

"Mzee, mimi niko na pesa kidogo ya kuweka," alisema. "Si kukopesha. Nataka kununua sheya. Tununue tangi kwanza, pikapu tutatafuta kampuni ikisimama."

"Na wewe utataka nini?"

"Faida ikipatikana, nigawiwe. Na nikae kwa mkutano kama director, nione vile mambo inaenda. Kampuni ikianguka, basi nimeanguka na nyinyi."

Kipsang alimwambia atafikiria. Hakufikiria. Ulikuwa mwaka wa siasa mbaya. Kule mpakani mwa Wakipsigis na Wakisii nyumba zilikuwa zimechomwa, na watu walikuwa wameanza kumpima jirani kwa jina lake. Wazee wawili watatu wa kamati walinong'ona kwamba mgeni akiketishwa mezani leo, kesho meza ni yake. Kipsang aliyaokota maneno hayo akayatumia, ingawa moyoni hakuwa na chuki yoyote na Omariba. Walikuwa wamekesha pamoja zizini zaidi ya mara moja ng'ombe wa mmoja wao akizaa vibaya. Ukweli ulikuwa mdogo na wa aibu zaidi. Omariba alikuwa mtu wa maswali. Angeuliza dizeli imekwenda wapi, angeuliza kwa nini mpwa wa mwenyekiti ndiye dereva. Kipsang alitaka mkutano ambao yeye akisema, watu wanaitikia.

"Tutakopa benki," aliiambia kamati. "Pesa ya benki haikai kwa mkutano. Haiulizi mtu maswali. Unalipa, inaenda zake."

Kamati ikaitikia. Laiti mmoja wao angekohoa tu.

Benki ya Kericho ilikuwa tayari kutoa mkopo wa tangi na pikapu kwa pamoja, ila ilitaka dhamana. Shamba la Kipsang lilikuwa bado kwa jina la marehemu baba yao, na hati yake imekwama katika ofisi ya ardhi. Aliyekuwa na hati safi ni Janeffer, mjane wa ndugu yake, aliyeachiwa ekari mbili za chai ambazo mumewe alizinunua kwa jasho lake. Chai hiyo ndiyo iliyomlisha na kumsomeshea watoto. Kipsang alimwendea akamkuta anapepeta maharagwe.

"Shemeji, na hii kitu ikikufa?" Janeffer aliuliza baada ya kusikiliza yote.

"Ni kimanagan tu," akajibu Kipsang.

Kimanagan hakuna mtoto wa Kikipsigis asiyeijua. Mwenye ng'ombe wengi humweka mmoja kwa rafiki. Rafiki humlisha na kunywa maziwa yake. Ndama wakizaliwa ni wa mwenye ng'ombe. Ng'ombe akifa kwa maradhi, yule aliyewekewa humchuna na kuipeleka ngozi kwa mwenyewe. Mwenyewe huitazama ngozi, husikitika, na hapo hakuna anayemdai mwenzake. Urafiki unaendelea kama kawaida.

"Benki ndiyo tajiri wa ng'ombe," Kipsang alimweleza. "Hii loan ndiyo ng'ombe. Riba ndiyo ndama. Maziwa ni yetu. Na Mungu apishe mbali, ng'ombe akikufa, mimi mwenyewe nitapeleka ngozi."

Hakuwa anamdanganya, na hilo ndilo linalouma. Aliamini kila neno. Meneja alikuwa amemsomea masharti polepole, kwa Kiingereza na Kiswahili, na kila mahali ambapo Kipsang hakuelewa alipajaza kwa jambo alilolijua tangu utotoni. Janeffer naye alimwamini kwa sababu alikuwa Kipsang. Alijifuta mikono, akaingia chumbani, akarudi na hati.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na harusi ya Tebeswet ilifana kwelikweli. Tangi lilikuja liking'aa mpaka watu wakajitazama nyuso humo. Pikapu ilipeleka maziwa Bomet na hata Mulot siku za mnada wa ng'ombe, ambako wachuuzi walikunywa chai kutwa nzima. Akina mama walilipwa kwa wakati, na Kipsang alianza kuitwa "director" hata na watoto wa shule. Mhasibu mmoja wa Kericho aliwaambia kukopa ni akili, kwa kuwa riba huondolewa kwenye faida kabla ya kutozwa kodi. Wazee walilipenda neno hilo sana. Hakuna aliyeuliza itakuwaje faida ikikosekana, maana punguzo la kodi ya faida isiyokuwapo halimlishi mtu.

Walipochukua mkopo, riba ilikuwa chini ya shilingi ishirini kwa kila mia. Mwaka uliofuata bei ya kila kitu ilichafuka nchi nzima, na benki ikaanza kuandika. Barua zilikuwa fupi na za adabu: benki inasikitika kuwaarifu kwamba riba imebadilishwa. Kipsang alifikiri benki haina haki ya kubadilisha jambo ambalo watu wamekwisha kukubaliana, mpaka alipoonyeshwa kwamba sharti hilo nalo alilitia sahihi. Kabla mwaka haujaisha riba ilikuwa imepita thelathini. Ndama alikuwa sasa anazaliwa mkubwa kuliko mama yake.

Kisha likaja jua la mwezi wa kwanza. Nyasi zilikauka, ng'ombe wakatoa nusu ya walichokuwa wakitoa. Ng'ombe wa kimanagan asipozaa, mwenyewe hungoja, benki haikungoja. Ilitaka ndama wake kila mwisho wa mwezi, ng'ombe awe ana mimba au hana. Ile pesa iliyosifiwa kwamba haiketi mkutanoni ikawa ndiyo ajenda pekee ya mkutano. Ili kuilipa, kamati ilipunguza bei ya maziwa kwa wenye ng'ombe. Bei ilipopungua, akina mama wakaanza kuwauzia wachuuzi wa baiskeli barabarani, na maziwa ya kampuni yakazidi kupungua. Kipsang aliona jinsi jambo moja lilivyolivuta lingine, lakini kila alipotaka kulikata mahali fulani, alikuta benki imesimama hapohapo.

Jumamosi moja umeme ulipotea, ukarudi kwa kishindo, na mota ya mtambo wa kupoza ikaungua. Maziwa ya siku mbili yaliharibika tangini. Fundi alisema mota haitengenezeki, na mpya haipatikani ila kwa hela ambazo kampuni haikuwa nazo.

Siku aliyokwenda Kericho, Kipsang hakuwa na hofu kubwa. Alisikitika, lakini alijua la kufanya. Alifungua ile mota, akaipangusa masizi, akaifunga kwenye gunia safi na kuipakia kwenye pikapu, akavaa koti lake la kanisani. Askari wa mlangoni alipouliza ni nini, alimjibu kwamba ni ya meneja. Akaingia nayo mpaka ofisini, akaiweka chini kwenye zulia.

"Mzee, hii ni nini?" akauliza meneja.

"Ni ngozi."

Meneja akaitazama mota, kisha akamtazama mzee. Alikuwa mtu mpole, na mtu mpole wa benki ni hatari, kwa sababu hakupi hata nafasi ya kukasirika. Kipsang alimweleza habari yote: jua, bei, umeme, maziwa yaliyoharibika. Akamweleza kwamba amekuja mwenyewe bila kuitwa, jinsi mtu mwaminifu anavyopaswa kufanya. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho na hakucheka. Kipsang angeshukuru kama angecheka.

"Mzee, nimekuelewa," meneja alisema. "Lakini benki haikukupatia mashine. Ilikupatia pesa, na pesa haikufi. Hii mashine ni yenu tangu siku ya kwanza. Ikiwaletea faida kubwa, sisi hatuongezewi. Na ikiungua, sisi hatupunguziwi."

"Sasa hasara inaenda kwa nani?"

"Kwa mwenye kampuni. Kama kuna mtu alinunua sheya na pesa yake, huyo ndiye ungepelekea ngozi. Huyo angekula hasara na wewe. Lakini angekuwa amekula faida pia, ile wakati mzuri, ndiyo maana watu wanamwona ni ghali. Sisi tunaonekana rahisi mpaka siku mvua inakatika."

Wakati huo Kipsang alimwona Omariba waziwazi, amekaa juu ya mkebe uliopinduliwa, akisema nimeanguka na nyinyi. Mtu alikuwa amemletea kimanagan mkononi, ile ya kweli, naye akaikataa akaenda kuitafuta mahali ambapo haipo.

"Sisi itabidi tuuze lile shamba la security," meneja aliendelea.

"Lile shamba si langu."

"Najua, mzee."

Kipsang aliinama akaibeba mota, maana kweli ilikuwa yake, na askari akamfungulia mlango.

Hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja dukani kwa Omariba, na ilimbidi amsubiri mwenye duka ampimie mteja misumari. Omariba alimtilia chai. Kipsang alizunguka kwanza, akauliza habari za watoto na za mvua, kisha akasema alichokuja kusema: kwamba sheya zipo, akitaka.

"Mzee, ile siku nilitaka kununua kampuni kidogo," Omariba alisema bila hasira. "Leo unaniuzia deni. Na hata ningetaka, pesa haiko. Nilikodisha shamba ya ngano huko Mulot. Yote iko chini ya udongo."

"Ni sawa."

"Ungenikubalia ile siku, leo tungekuwa tunalia wawili. Hiyo mota niachie, nitanunua kama chuma."

Alimpa bei ambayo hakuna muuza chuma angeitoa. Kipsang alilijua hilo, akazipokea pesa hata hivyo, akaondoka bila kumtazama usoni. Majuto ni mjukuu, lakini huyu wake hakukawia. Alikuwa amekwisha kuzaliwa na anatembea.

Hati ya shamba la Kipsang ilikuwa imetoka hatimaye miezi michache nyuma, na kwa kuwa mtu hapaswi kumwacha mjane alale njaa kwa maneno yake, aliuza sehemu yake yote yenye chai kwa mwalimu mmoja wa Kapsoit. Miche ile ilikuwa imepandwa na mkewe, Rodah, wakati yeye akiwa nyapara wa chai ya watu wengine. Mbele ya bodi ya ardhi Rodah aliulizwa kama amekubali, akasema amekubali. Akaulizwa tena, akasema tena. Njiani kurudi nyumbani hakumlaumu mumewe hata kwa neno moja, na Kipsang alitamani sana amlaumu. Pesa zilikwenda benki, pamoja na za tangi na pikapu vilivyouzwa, na kidogo kilichobaki kikawalipa akina mama maziwa yao ya mwisho. Tebeswet ikafa, kibanda kikageuzwa stoo ya mahindi.

Alipomrudishia Janeffer hati yake, Janeffer aliuliza, "Benki waliona ngozi?"

"Waliona."

"Na wakasema?"

"Wakasema pole."

Janeffer aliketi chini akalia kwa kushukuru, akisema hata wazungu wa kale hawakuwa na utu kama huo. Kipsang alimwacha aamini. Alimwambia chai yake mwenyewe ameiuza ili awalipe wenye maziwa, jambo ambalo halikuwa uongo mtupu. Alijiambia anamhurumia. Kwa nusu ilikuwa huruma. Kwa nusu nyingine hakutaka macho ya Janeffer yamwone alivyokosea. Rodah alijua, akanyamaza kwa sababu mumewe alimwomba anyamaze, na kwa kuwa chumvi na sabuni hazinunuliwi kwa heshima, alianza kwenda kuchuma chai kwa Janeffer na kulipwa kwa kilo kama wachumaji wengine.

Miaka mitatu ilipita hivyo. Alasiri moja Janeffer alikuja akamkuta Kipsang ameketi nje ya nyumba anachonga mpini. Alikuwa na hati ya shamba ndani ya karatasi ya nailoni, na uso wake ulikuwa na furaha.

"Kipruto anataka kununua posho mill ya kusaga mahindi aweke Mulot," alisema. Kipruto alikuwa mwanawe wa kwanza, ameoa juzijuzi. "Nimemwambia tuende benki ileile. Wewe ndiye unajua hao watu, shemeji, utatupeleka. Ni watu wazuri. Hata kule kanisani kwa Women's Guild nimewaambia akina mama wasiogope, ng'ombe akikufa wanaangalia ngozi tu."

Kipsang aliweka kisu chini. Angeweza kusema yule meneja amehamishwa. Angeweza kusema riba imepanda, na angekuwa amesema kweli. Lakini aliwaona akina mama wa kanisa zima wakitoa hati chini ya magodoro kwa sababu ya maneno yake, na aibu aliyoikwepa miaka yote hiyo ikaonekana ndogo.

"Shemeji, benki haikuangalia ngozi," alisema. "Walitaka kuuza shamba yako. Mimi ndiye nililipa. Chai yangu iliendea huko."

Alimweleza yote, mpaka kuhusu Omariba. Janeffer alisikiliza hati ikiwa mapajani. Kipsang alitarajia shukrani, au labda machozi kama ya siku ile, na alikuwa ameanza kutafuta maneno ya kuzikataa shukrani hizo. Hazikuja.

"Rodah amechuma kwangu miaka mitatu," Janeffer alisema. "Nikampimia kilo. Juzi nilimkata shilingi kwa sababu ya majani mabaya. Na alikuwa anajua."

"Alijua."

"Ungeniambia, tungeuza nusu yangu na nusu yako. Kila mtu angebaki na kitu."

"Nilitaka usipate hasara."

"Nani alikuambia mimi sitaki hasara? Si wewe ulisema ni kimanagan?" Sauti yake haikupanda. "Kila mtu alipoteza. Wewe ulipoteza, Rodah alipoteza, hata wale wa maziwa. Ni benki tu haikupoteza kitu, na mimi. Umenifanya benki, shemeji."

Kwa mara ya pili maishani mtu alikuwa tayari kuanguka na Kipsang, na kwa mara ya pili alikuwa amemfungia mlango, safari hii akiuita wema.

Rodah akatokea njiani akirudi kutoka kituo cha kupimia chai, kikapu tupu mgongoni, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa majani. Aliwasalimu kutoka mbali kwa Kikipsigis. Janeffer akasimama, akakisogeza kiti alichokuwa amekikalia, akasimama kando yake kama anayemngojea mkubwa aketi.

"Tangu lini mgeni anampisha mwenye nyumba?" Rodah akauliza akicheka. Kisha akawatazama, mmoja baada ya mwingine, na kicheko kikamwisha. "Mbona mmenyamaza?"

Kipsang alimtazama Janeffer, na Janeffer alikuwa anatazama vile vidole.